Somo juu ya Neno «Empty» la Waingereza, na juu ya Nyumba Tupu ya Injili



Somo la leo limetokana na barua. Msikilizaji wetu mmoja wa kijiji cha kandokando ya ziwa, aliyebatizwa usiku wa Paska, alikwenda Kalemie kutafuta kazi ya uchukuzi bandarini. Huko aliona sanduku kubwa la chuma, mojawapo ya yale yaitwayo makontena, na ubavuni mwake mtu alikuwa ameandika kwa chaki herufi tano: EMPTY. Akauliza maana yake. Baharia mmoja aliyetoka ng'ambo, upande wa Kigoma, akamjibu kwamba ni Kiingereza, na maana yake ni tupu, hamna kitu ndani. Msikilizaji wetu akaendelea na kazi yake, lakini neno lile halikumtoka moyoni. Atuandikia kwamba kabla ya ubatizo alikuwa na hirizi shingoni na pembe ya dawa juu ya mlango, na kila mwezi ulipoandama alijua la kufanya ili mabaya yasimfikie. Hayo yote aliyatupa kwa hiari yake, mbele ya katekista na ndugu zake. Tangu siku ile, jioni ikifika, ajisikia kama lile sanduku. Basi atuuliza mambo mawili: neno hilo lina asili gani? Na je, kujisikia hivyo ni dhambi?

Tumeifurahia barua hii, maana wako wengi wenye swali hilo la pili ambao hawathubutu kulitamka mbele ya padri wala katekista. Tutaanza na lile la kwanza. Asiyependa habari za lugha atuvumilie kidogo, kwa kuwa jibu la pili limejificha ndani ya la kwanza.

Siku hizi Waingereza hutumia neno «empty» kwa chombo kisicho na kitu: chupa, gunia, tumbo, nyumba. Bandarini huandikwa ili wachukuzi na makarani wajue kwamba sanduku lile halina mzigo, nalo laweza kupakiwa. Lakini asili ya neno hili si chombo. Asili yake ni mtu na wakati wake. Waingereza wa kale, wale walioishi kabla ya mwaka 1066, yaani kabla ya Wanormandi kuvuka bahari kutoka Ufaransa na kuwatawala, walikuwa na neno «aemetta», ambalo maana yake ni nafasi, wakati ambao mtu hashikwi na kazi ya lazima. Kutokana na neno hilo walifanya «aemtig», ndiyo kusema mwenye nafasi, asiyefungwa na shughuli. Hata mtu ambaye hajaoa au hajaolewa waliweza kumwita hivyo, kwa sababu hajafungwa na mwenzake. Walilitumia kwa vyombo na nyumba pia. Na baada ya miaka mingi ile maana ya mtu mwenye nafasi ikafifia, ikabaki ile ya chombo kisicho na kitu, ambayo ndiyo aliyoambiwa msikilizaji wetu.

Herufi P iliyo katikati ya neno haikuwapo zamani. Iliingia yenyewe, maana midomo ikitoka kwenye M kwenda kwenye T hujifunga na kutoa sauti ya P bila kutakiwa. Jaribuni kusema «emti» upesi upesi mara kumi, nanyi mtaisikia. Watoto watapenda mchezo huu.

Wanormandi nao walileta neno lao. Kwa Waingereza limekuwa «void», na kwa Wafaransa ni «vide», ambalo wengi wetu hapa Kongo twalijua tangu darasani. Hilo ni tawi la Kilatini cha «vacare». Na «vacare» ina maana mbili ambazo hazitengani: kuwa tupu, na kuwa na nafasi. Ndiko zilikotoka «vacances» za wanafunzi wetu, maana ni siku ambazo darasa limebaki tupu na mtoto ana nafasi ya kumsaidia mama yake shambani. Ndiko lilikotoka pia jina la siku ambazo Kanisa halina Papa. Papa Fransisko alipofariki tarehe 21 Aprili 2025, Kiti cha Mtume Petro kiliitwa «vacans», ndiyo kusema kitupu, hata tarehe 8 Mei 2025 alipochaguliwa Papa Leo wa 14. Siku zile katika Misa jina la Papa halikutajwa. Hakuna Mkristu aliyedhani kwamba kiti kimevunjika au kwamba hakina kazi tena. Kilikuwa kikimngoja mtu.

Mwaona basi ya kuwa Waingereza wa kale na Walatini, watu wa makabila mbalimbali, walikutana mahali pamoja. Kwao kuwa tupu na kuwa na nafasi ni jambo moja.

Nasi katika Kiswahili je? Tuna neno «tupu», nalo ni neno la ajabu kuliko tunavyofikiri. Twasema mikono mitupu, twataka kusema haina kitu. Lakini twasema pia maji matupu, na hapo hatutaki kusema kwamba chungu hakina maji. Twasema kina maji peke yake, bila kuchanganywa na kitu kingine. Twasema habari hii ni uongo mtupu, maana imejaa uongo toka mwanzo hata mwisho. Twasema nyumba ile ni furaha tupu. Kwa hiyo neno hilohilo laweza kumaanisha kwamba ndani hamna kitu, au kwamba ndani mna kitu kimoja tu kilichojaa pote.

Tena tuna neno «nafasi». Nahodha wa boti iendayo Moba akisema nafasi ipo, ataka kusema kuna mahali pa kukaa mtu mmoja tena. Mama aliye jikoni akisema sina nafasi, hasemi juu ya mahali. Asema juu ya wakati. Kumbe Kiswahili chafanya vilevile kama kile Kiingereza cha kale: mahali patupu na wakati mtupu vina jina moja. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na shina lake ni pumzi. Mwenye nafasi ni mtu apataye mahali pa kupumua. Na neno «nafsi», tulitumialo katika mafundisho yetu kusema juu ya roho na utu wa mtu, limetoka katika shina hilohilo. Wakatekumeni wakumbuke hapa ile sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo, jinsi Mungu alivyompulizia mtu wa udongo pumzi ya uhai. Udongo ulikuwa umekwisha kufanyizwa vizuri, mikono na macho na masikio, lakini ulikuwa bado ukingoja.

Sasa tuje kwenye Injili. Katika sura ya 12 ya Mtakatifu Matayo, Bwana wetu atoa mfano wa kutisha. Pepo mchafu amemtoka mtu. Azungukazunguka mahali pakavu akitafuta pumziko, asilipate. Basi afikiri kuirudia nyumba yake ya kwanza. Afika, aikuta tupu, imefagiwa, imepambwa. Ndipo aenda kuwachukua wenzake saba walio wabaya kuliko yeye, waingia, wakaa humo; na hali ya mwisho ya mtu yule yawa mbaya kuliko ile ya kwanza.

Mtakatifu Luka naye asimulia mfano huu katika sura ya 11. Lakini katika Kilatini cha Mtakatifu Yeronimo, ambaye Papa Damaso alimwagiza kuzisahihisha Injili mwaka 382, nyumba katika Luka imefagiwa na kupambwa tu. Matayo ndiye aongezaye ya kuwa ilikuwa tupu. Yeronimo aliandika neno lililotoka katika ile «vacare» tuliyoitaja. Na Kiyunani cha Matayo chenyewe chatumia kitenzi kilichotoka katika neno «scholé». Maana ya «scholé» ni nafasi, wakati usio na kazi. Wayunani waliokuwa na nafasi walipenda kuitumia kwa kuwasikiliza walimu. Kwa hiyo jina la nafasi likahamia kwenye masomo yenyewe, kisha kwenye mahali pa masomo. Walatini wakasema «schola», Wafaransa «école», Wajerumani «Schule». Na Waswahili wa Tanganyika ng'ambo ya ziwa, waliotawaliwa na Wajerumani mpaka wakati wa Vita Kuu ya kwanza, wakasema «shule». Kumbe mtoto asemaye naenda shule atamka, bila kujua, neno lililo ndugu wa neno la nyumba tupu ya Injili!

Tuangalie basi Matayo asemavyo. Yule pepo hakuta nyumba iliyobomoka, wala nyumba chafu. Alikuta nyumba yenye nafasi, ambayo mwenyewe hakuipa kazi yo yote.

Kitenzi hiki ni cha nadra. Katika Agano Jipya, kwa maandiko ya Kiyunani yafuatwayo na wataalamu wa leo, chaonekana mara mbili tu. Mara ya kwanza ni hapa. Mara ya pili ni katika barua ya kwanza ya Mtakatifu Paulo kwa Wakorinto, sura ya 7. Paulo awaambia mume na mke ya kuwa wasinyimane, isipokuwa wamepatana kwa muda kidogo, ili wapate nafasi kwa sala. Hiyo «kupata nafasi» ni kitenzi kilekile cha nyumba tupu. Kilatini nacho chatumia hapo «vacare» ileile.

Wapenzi wasikilizaji, hapa yatupasa kusimama kidogo. Neno moja latumika kwa nyumba ambayo shetani aliirudia, na kwa watu wa ndoa waliojitenga kwa sala. Utupu wao ni mmoja. Basi tofauti iko wapi? Iko katika nani aliyepewa nafasi ile. Paulo ataja mwenyewe wa nafasi: ni kwa ajili ya sala. Nyumba ya Matayo ina nafasi isiyopewa mtu. Na kitu kisicho na mwenyewe hupata mwenyewe upesi, ila si yule ungemchagua.

Watu wa mkoa wetu wa Tanganyika hawahitaji kuelezwa sana habari za nyumba isiyokaliwa. Tangu mwaka 2016 hata 2018, wakati wa mapigano ya Watwa na Waluba, malaki ya watu walivihama vijiji vyao, na wengi walikaa kambini pande za Kalemie. Waliorudi walijua la kutazamia. Nyumba ya nyasi ikikosa moto kwa miezi michache, paa huanza kuoza. Ule moshi ambao mama huulalamikia machoni kila siku ndio uliokuwa ukiwafukuza wadudu na kukausha nyasi. Moto ukizimika, mchwa hupanda ukutani, popo huingia, nyoka huteremka kutoka darini. Na mara nyingine mwenye nyumba hukuta humo mtu mgeni kabisa, na ugomvi waanza. Hata kama nyumba ilifungwa vizuri na uwanja kufagiwa siku ya kuondoka, mambo ni yaleyale. Kufagia hulinda nyumba kwa siku moja. Kukaa ndani ndiko kuilindako kwa mwaka.

Lakini tumtetee kidogo yule mtu wa mfano, maana wahubiri wengine humwonea. Bwana wetu hamlaumu kwa kufagia. Kufagia kulikuwa kwema na kulikuwa lazima. Hali kadhalika, aliyetupa hirizi na pembe alifanya vema, wala asidanganywe na mtu kwamba angengoja kwanza. Kwa kuwa swali hili hurudi kila mara, tuseme pia ya kuwa majani na mizizi iponyayo homa au kidonda si hirizi. Kanisa halimkatazi mtu dawa iponyayo mwili. Lakatazalo ni kuitegemea pembe au fundo la nguo kana kwamba lina uwezo wa Mungu, na kumwogopa jirani kana kwamba ana uwezo wa shetani.

Hatari iko nyuma ya kufagia. Zamani hirizi ile ilikuwa na saa yake, na mwenyewe alikuwa na desturi zake asubuhi na jioni. Akiiondoa, hakuondoa kamba na ngozi tu. Ameondoa pia ile saa na ile desturi, na mahali pake pamebaki wazi. Mtoto akiugua usiku, mkono waenda wenyewe mahali ilipokuwa pembe, nao haukuti kitu. Tumewaona wengine ambao, wakiwa katika hali hiyo, hawakurudia pembe yao ya zamani, kwa maana waliona haya mbele ya katekista. Wakatafuta nyingine mbali, kisha ya pili, kisha ya tatu. Wengine walijaza jioni zao kwa pombe. Wengine kwa kuwasingizia vikongwe wa kijiji uchawi, na hili ni baya kuliko yote, kwa sababu limeua watu. Hao ndio wenzake saba.

Wamisionari wa kwanza wa nchi yetu walilijua jambo hili. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe huko Alger mwaka 1868, aliwaagiza mapadri wake wa Afrika wasimbatize mtu mzima upesi, isipokuwa katika hatari ya kufa. Aliamuru miaka minne ya kungoja: miwili ya kwanza ya kujaribiwa na kufundishwa mambo ya mwanzo, kisha miwili ya ukatekumeni wenyewe. Wengi wakati ule waliona ni mingi mno. Twakiri kwamba hata leo wako wakatekumeni waionao njia kuwa ndefu, na pengine katekista naye huchoka. Lakini fikirini: desturi za mtu wa miaka thelathini hazing'oki kwa mwezi mmoja, na sala ya asubuhi haigeuki kuwa desturi kwa wiki mbili. Ile miaka minne haikuwa ya kujifunza maneno ya katekismu tu, maana mwenye akili nyepesi aliweza kuyashika kwa miezi sita. Ilikuwa miaka ya kuwasha moto katika nyumba iliyofagiwa.

Maagizo hayo ndiyo yaliyofuatwa huku kwetu. Mwaka 1885 Mapadri Weupe waliipokea boma ya Mpala, ukingoni mwa ziwa kusini ya Kalemie, kutoka kwa Kapteni Storms wa Ubelgiji. Kutoka pande hizo za Marungu alitoka Stefano Kaoze, aliyepewa upadre na Monsinyori Roelens mwaka 1917 huko Baudouinville, mahali paitwapo leo Kirungu, karibu na Moba. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika Kongo ya Wabelgiji. Tangu Mpala ipokewe hata siku ya upadre wake ilipita miaka 32. Wazee wake hawakuijua sala hata moja ya Kanisa; naye alisimama altareni akiyasoma kwa Kilatini maneno haya tunayoyaeleza leo. Kazi ya namna hiyo hujaa pole pole, kama mtungi ujazwao kwa kata.

Liko neno jingine la Kilatini la utupu, nalo ni «inanis». Waingereza wamelichukua pia, likawa «inane», lakini kwao limeshuka cheo: siku hizi hulitumia kwa maneno ya kipuuzi, yasiyo na maana ndani. Katika Maandiko ya Yeronimo halikuwa dogo hivyo. Mwanzoni mwa kitabu cha Mwanzo, dunia ilipokuwa bado haina umbo, bila mmea wala mnyama, Yeronimo aliiita «inanis». Mungu hakuikasirikia dunia ile kwa kuwa tupu, wala hakuitupa. Aliijaza kwa siku sita. Katika wimbo wa Bikira Maria, ule uimbwao kila jioni katika sala ya Kanisa, neno linarudi: wenye njaa washibishwa, na matajiri waondolewa «inanes», mikono mitupu. Twaona kwamba matajiri wale hawakupata kitu kwa sababu walikuja wamekwisha kujaa. Mwenye kapu lililojaa hawezi kutiliwa kitu; lazima arudi nalo kama alivyokuja.

Na mara ya tatu ni pale ambapo Mtakatifu Paulo, katika sura ya 2 ya barua kwa Wafilipi, asema juu ya Bwana wetu mwenyewe: kwa kuwa mtu na kutwaa hali ya mtumwa, alijifanya mtupu. Kilatini chasema «exinanivit», na ndani yake mnasikia «inanis» ileile. Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Yezu Kristu hakuacha kuwa Mungu hata kitambo kidogo. Paulo mwenyewe aeleza namna ya utupu huo: alijifanya mtupu kwa kutwaa. Hakupoteza umungu wake, bali alitwaa ubinadamu wetu, na njaa yetu, na uchovu wetu, na kifo chetu. Aliuficha utukufu wake ili pawe na nafasi kwa ajili yetu. Mama mwenye mimba afahamu kidogo jambo hili, kuliko sisi waandishi wa vitabu.

Turudi sasa kwa msikilizaji wetu wa bandarini. Ndugu yetu, umeuliza kama ni dhambi kujisikia mtupu jioni. La, si dhambi. Mtu hatendi dhambi kwa kujisikia hivi au vile. Dhambi ni tendo la nia. Wala si alama kwamba ubatizo wako haukushika. Siku ile ya Paska Roho Mtakatifu aliingia kwako kweli, naye yumo, hata kama husikii kitu. Ulichokisikia ni ile saa ya jioni iliyokuwa na mwenyewe wa zamani, na sasa haina kazi. Usiikimbie saa hiyo, wala usiijaze kwa cho chote kitakachopita njiani. Wewe tayari waijua: ni saa ya namna gani, na yaanza wakati gani. Wengi hawajui hata hilo.

Twakushauri mambo madogo. Mahali palepale juu ya mlango ilipokuwa pembe, tundika msalaba. Fundi seremala yeyote wa kijijini aweza kuuchonga, na padri ataubariki akija kwa Misa. Jioni giza likiingia, kabla ya chakula, simama chini yake pamoja na mkeo na watoto, mseme sala ya jioni kama mlivyofundishwa. Ikiwa ni fupi, si neno; hata dakika tano zatosha kwa mwanzo, mradi ziwe za kila siku. Dominika, hata padri asipofika, nenda kwenye ibada ya katekista, na kazi ya shamba iache. Dominika si siku ya kukaa bure. Ni nafasi iliyo na mwenyewe. Na mtoto akiugua usiku, mchukue asubuhi mapema kwenye zahanati, na njiani mwombe Mungu. Mambo haya mawili hayagombani. Jirani akikwambia uende kwa mtu fulani mwenye dawa za kinga, mjibu kwa upole ya kuwa mlango wako umekwisha kupata mlinzi.

Iko Zaburi moja ifaayo kwa saa hiyo ya jioni, yenye kuwaagiza watu watulie na kumjua Mungu. Katika Kilatini amri yake yaanza kwa neno «vacate», ndiyo kusema: jipeni nafasi. Katika Biblia nyingi za siku hizi ni ya 46. Katika vitabu vya zamani vya Kilatini ilihesabiwa ya 45, kwa hiyo msishangae mkiona namba mbili. Asiyejua kusoma amwombe katekista amsomee mara tatu au nne, atakwisha kuishika.

Katika somo lijalo tutaeleza neno «Amina», lilitoka wapi, na kwa nini halikutafsiriwa katika lugha nyingi.